Mtoto Akoromaye Hajalala

Katika nyumba nyingi za Bujumbura, tangu Buyenzi na Bwiza hata kwenye kambi za askari, mtoto akoromaye husifiwa. Husemwa ya kwamba ameshiba, amecheza sana mchana, au amerithi koo la babu yake. Wageni hucheka, ndugu zake humwiga, na asubuhi jambo lenyewe huwa limekwisha kusahauliwa. Sifa hiyo ni ya bure. Mtu mzima akikoroma huwasumbua walio karibu naye. Mtoto akikoroma kila usiku hujisumbua mwenyewe, na mara nyingine huwa anapigania pumzi wakati jamaa zake wanadhani anastarehe.

Jambo hili lina maelezo yake. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa mtoto mwenye njia pana ya hewa, kulegea huko hakudhuru kitu. Lakini ikiwa nyuma ya pua na pande mbili za koo pamejaa nyama, njia hiyo husongwa, na hewa ikipita kwa shida ndipo sauti ya kukoroma itokapo. Mara njia hufunga kabisa. Kifua huendelea kuvuta, tumbo huinuka na kushuka, lakini hewa haipiti. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, mtoto hutweta au kupaliwa, hugeuka upande, kisha hulala tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Katika usiku mmoja jambo hilo laweza kurudi mara makumi. Madaktari huliita apnea ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi usingizini kwa sababu ya kuzibika kwa njia ya hewa.

Askari aliyewahi kushika lindo hahitaji maelezo marefu juu ya hayo. Mtu akitikiswa kila baada ya dakika chache tangu saa tatu ya usiku mpaka alfajiri, hakuna kamanda atakayehesabu kuwa mtu huyo amelala, hata kama macho yake yalikuwa yamefumbwa muda wote. Ndivyo alivyo mtoto huyu, na yeye halindi lindo la siku moja. Hulilinda mwaka mzima, pengine miaka mitatu.

Nyama zinazoziba njia si za ajabu, wala hazikuletwa na mtu. Tonsili ni zile mbili zionekanazo kooni, moja kila upande, mtoto apanuapo kinywa. Adenoidi, ambazo watu wengi huziita nyama za puani, hujificha juu, nyuma ya pua, mahali ambapo jicho halifiki. Zote ni askari wa mwili wa kupambana na maradhi. Tatizo ni kwamba kati ya umri wa miaka miwili na minane hivi huwa kubwa kuliko nafasi zilizopewa, kwa kuwa uso na koo la mtoto bado ni vidogo. Mafua ya mara kwa mara na moshi huzidi kuzivimbisha, na katika nyumba ya chumba kimoja ambamo jiko la makaa huwashwa karibu na kitanda, moshi haukosekani. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha ya kwamba katika kila watoto 100, kama mmoja hadi watano wana ugonjwa huu. Kwa hiyo katika shule yenye watoto 500, kwa makadirio hayo, watano hadi ishirini na watano huingia darasani kila asubuhi bila ya kulala.

Mwalimu hawatambui, kwa sababu mtoto aliyekosa usingizi hafanani na mtu mzima aliyekosa usingizi. Mtu mzima husinzia. Mtoto, aghalabu, huchacharika: hatulii kitini, hupigana, husahau alichotumwa, hulia kwa jambo dogo. Huambiwa ni mtundu au ni mjinga, na nyumbani huongezewa fimbo. Ikiwa adenoidi zimeziba pia mfereji uendao sikioni, husikia kwa shida, nako kutosikia huko huhesabiwa kuwa ni ukaidi. Dhana hiyo ya ujinga ni ya zamani, na imekwisha kukanushwa kwa muda mrefu. Mwaka 1868 tabibu Wilhelm Meyer wa Copenhagen alieleza jinsi adenoidi zinavyoharibu kupumua, kusikia na hata kusema kwa mtoto. Mwaka 1889 daktari Mwingereza, William Hill, aliandika ya kwamba baadhi ya watoto walioitwa wazito wa akili walikuwa watoto walioziba pua na koo tu. Mwaka 1976 Christian Guilleminault, Mfaransa aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, pamoja na wenzake, walieleza habari za watoto wanane waliopimwa usingizini na kuonekana kuwa na apnea, na tangu hapo ugonjwa huo ukatambuliwa kwa watoto kama ulivyotambuliwa kwa wazee wao. Kisha mwaka 1998 daktari David Gozal alitangaza uchunguzi wake juu ya wanafunzi 297 wa darasa la kwanza waliokuwa wa mwisho kabisa katika masomo. Hamsini na wanne kati yao walikuwa na upungufu wa hewa usingizini. Wale ambao wazazi wao walikubali watibiwe walipanda alama mwaka uliofuata; wale ambao hawakutibiwa walibaki pale pale.

Mzazi atajuaje? Si kila mkoromo ni ugonjwa. Mtoto mwenye mafua hukoroma siku tatu nne, kisha huacha. Wa kuangaliwa ni yule akoromaye bila mafua, usiku mwingi wa kila juma. Huyo hulala kinywa wazi, shingo ameirudisha nyuma kama anayetazama dari, au hulala amekaa au amepiga magoti. Hutoka jasho hata usiku wa baridi. Pengine alikwisha kuacha kukojoa kitandani, naye amerudia. Wengine hawaongezeki uzito, kwa kuwa nguvu ya chakula huishia katika kuvuta pumzi.

Saa ya kumchunguza ni muhimu, na hapa wazazi wengi hukosea. Humtazama saa nne ya usiku kabla hawajalala wenyewe, wakaona hana neno. Ugonjwa huu kwa watoto huzidi katika usingizi wa ndoto, na usingizi huo huwa mwingi karibu na mapambazuko. Kwa hiyo zamu ifaayo ni ile ya kati ya saa tisa ya usiku na saa kumi na moja alfajiri. Mzazi aketi karibu, amvue mtoto shati, atazame kifua. Kikibonyea chini ya mbavu na juu ya mfupa wa kidari kila pumzi ivutwapo, hiyo ni dalili. Ukoromaji ukikatika ghafula, kifua kikaendelea kuhangaika bila sauti, kisha mtoto akatweta, hiyo ndiyo apnea yenyewe. Kwa mtu mzima pumzi hukatika sekunde kumi ndipo ihesabiwe. Kwa mtoto, ambaye hupumua upesi zaidi, pumzi mbili zilizokosekana zatosha. Simu yenye kamera ikiwapo, dakika mbili tatu za picha zenye sauti zitamsaidia daktari kuliko hadithi ndefu. Midomo ikigeuka rangi ya samawati, au mtoto akiwa mgumu wa kuamka, si jambo la kungoja asubuhi.

Mara nyingi anayegundua ni yule aliyekuwa mbali. Tangu mwisho wa mwaka 2007, askari wa Burundi walipoanza kupelekwa Somalia katika jeshi la amani la Umoja wa Afrika, nyumba nyingi zilizoea baba kutokuwapo kwa miezi mingi. Mama alalaye na mtoto kila siku huizoea sauti, kama wakaao kando ya barabara ya malori wasivyoyasikia malori. Baba arudipo, usiku wa kwanza tu huamka akiuliza kuna nini. “Baba Kevini, lala, ndivyo alivyo siku zote,” huambiwa. Maneno hayo “siku zote” ndiyo yanayopaswa kumwamsha kabisa.

Sasa yaja jambo lililo zito zaidi. Mtoto wa namna hii, asiyeongezeka, anayekohoa usiku na kupaliwa, mara nyingi hapelekwi hospitali kwanza. Hupelekwa kukatwa kilimi. Desturi hii inajulikana Burundi, ambako kilimi huitwa ikirimi, na inajulikana Tanzania pia. Madaktari Haddock na Chiduo waliandika juu yake katika pwani ya Tanzania mwaka 1965, na daktari Manni akaieleza tena mwaka 1984. Imeenea pia sehemu nyingine nyingi za Afrika. Si desturi ya watu wabaya. Bibi amchukuaye mjukuu wake kwa mkataji humpenda mjukuu huyo, na amesikia tangu utotoni ya kwamba kilimi kirefu huua.

Kosa lake linaeleweka. Mtoto alipapo na kupanua kinywa, kitu cha kwanza kuonekana ni kile kinyama kinachoning'inia katikati. Adenoidi zenye hatia zimejificha nyuma ya pua, hazionekani. Kilimi kisicho na hatia kiko mbele ya macho, nacho ndicho kinachohukumiwa. Mkataji hukikata kwa kisu au kwa chombo chenye makali, bila nusukaputi, na mara nyingi kwa chombo kile kile alichomkatia mtoto aliyetangulia. Hatari zake zimeandikwa na mahospitali miaka mingi: damu isiyokoma, usaha wa koo, pepopunda, sumu ya maradhi kuingia katika damu, na virusi vya UKIMWI kwa njia ya chombo kisichochemshwa. Wapo watoto waliokufa. Na yule anayepona hurudi nyumbani na tonsili zake na adenoidi zake zikiwa mahali pale pale. Hukoroma usiku ule ule.

Pengine jirani atasema ya kwamba mtoto wa fulani alikatwa akapona. Huenda alipona mafua yaliyokuwa yanakwisha yenyewe, au umri ulimpandisha, koo likapanuka. Kisu kikasifiwa kwa kazi ya miaka.

Kuna na mambo mengine madogo ya kuachwa. Mafuta au samli isidondoshwe puani mwa mtoto, kwani hushuka mapafuni na kuleta ugonjwa wa mapafu. Dawa za maji zenye kuleta usingizi, ambazo baadhi ya wazazi hununua ili mtoto “alale vizuri”, humlegeza zaidi koo yule ambaye koo lake limekwisha kulegea mno. Habari za jinamizi zinazosimuliwa juu ya mtoto anayeshtuka akitafuta hewa hazina haja ya kubishaniwa. Mtoto apelekwe kwa daktari, na wazee wasimulie watakavyo.

Daktari wa kuonwa mwishowe ni wa masikio, pua na koo, yule ambaye Bujumbura huitwa kwa herufi zake za Kifaransa, O.R.L. Mlango wa kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali kubwa kama Prince Régent Charles, ile ya Roi Khaled iliyoko Kamenge, au Hospitali ya Kijeshi iliyoko huko huko Kamenge. Hapo mzazi ataelekezwa. Kipimo kilicho kamili ni kumlaza mtoto usiku mzima akiwa amefungwa nyaya za kupima ubongo, moyo na pumzi. Mitambo hiyo ni ghali, nayo ni nadra katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini kuna kipimo chepesi ambacho wengi walikizoea wakati wa maradhi ya Korona mwaka 2020: kibanio chenye taa kinachobanwa kidoleni, kikasoma oksijeni iliyomo katika damu. Kikivaliwa usiku kucha na kuweka kumbukumbu, oksijeni ikashuka na kupanda kwa makundi makundi, daktari hupata ushahidi wa kutosha. Kikionyesha hali njema, hata hivyo, hakimwondolei mtoto shaka yote, wala ukubwa wa tonsili peke yake hausemi ugonjwa ni mzito kiasi gani. Wapo wenye tonsili kubwa walalao salama.

Fedha nazo zifikiriwe mapema. Tangu mwaka 2006 serikali ya Burundi iliweka matibabu ya bure kwa watoto wasiotimiza miaka mitano katika hospitali zake. Ugonjwa huu huanza kabla ya umri huo na huvuka mbele yake. Mwenye mtoto wa miaka minne anayekoroma asingoje sherehe ya kuzaliwa ipite ndipo aulize. Aulize hospitalini sasa ni matibabu gani yanayoingia katika msamaha huo, na mwenye kadi ya bima aulize inalipa sehemu gani.

Dawa kubwa ya ugonjwa huu kwa mtoto mwenye tonsili na adenoidi kubwa ni kuziondoa zote mbili kwa operesheni. Hufanywa kwa kupitia kinywani, mtoto akiwa katika nusukaputi, bila kuacha kovu usoni. Wengi huogopa ya kwamba mtoto atabaki bila kinga. Mwili una tezi nyingine nyingi za kazi hiyo, nao huendelea kujilinda. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanyika Marekani kwa watoto 464 wa miaka mitano hadi tisa. Baada ya miezi saba, kati ya kila watoto 100 waliofanyiwa operesheni, 79 walikuwa wanalala kwa kipimo cha kawaida. Kati ya waliongoja kwa uangalizi tu, 46. Waliopasuliwa walitulia zaidi na kuishi kwa raha zaidi, ingawa katika mtihani wa kupima usikivu wa akili tofauti haikuwa kubwa. Hesabu hizo zina funzo la pande mbili. Operesheni ndiyo inayoshinda. Lakini mwenye ugonjwa mwepesi, ambaye oksijeni yake haishuki sana, aweza kungoja miezi kadhaa chini ya macho ya daktari, pengine kwa kupuliziwa puani dawa ya kupunguza uvimbe kwa majuma kadhaa. Kungoja bila daktari ni kusahau tu. Kwa mtoto mnene kupita kiasi, kupunguza uzito ni sehemu ya matibabu.

Kabla ya operesheni, mzazi amweleze mtaalamu wa nusukaputi waziwazi ya kwamba mtoto hukatika pumzi usiku, kwa maana habari hiyo hubadili kipimo cha dawa na uangalizi. Aseme pia kama kuna ndugu ambaye damu yake haigandi upesi, kama mtoto ana homa, na kama ana jino linalolegea. Asubuhi yenyewe mtoto hukatazwa kula, na hapo ndipo huruma ya mama inapoweza kuua: kikombe cha uji kilichotolewa kwa siri chaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni mtoto akiwa hana fahamu. Mwenye umri chini ya miaka mitatu, mnene sana, mwenye selimundu, aliyezaliwa na hali ya Down, au mwenye apnea nzito, alale hospitalini usiku ule. Wazazi wasidai kuondoka naye jioni.

Nyumbani, maumivu hudumu kama juma moja hadi siku kumi, na sikio huweza kuuma ingawa halina ugonjwa. Utando mweupe utakaoonekana kooni si usaha, ni kidonda kinachopona. Kinywaji ndicho kitu cha kwanza: maji, maziwa, uji mwepesi uliopoa, kidogo kidogo mchana kutwa, kwa sababu koo kavu huuma zaidi na mtoto akikataa kunywa hudhoofika upesi. Hupewa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na ibuprofeni daktari akiruhusu. Aspirini hapana, kwani huzidisha damu kutoka.

Kodeini nayo hapana. Zamani dawa hiyo ilitolewa kwa wingi baada ya operesheni hii, na bado yaweza kuwapo katika dawa za kikohozi. Mwili huigeuza kodeini kuwa mofini, na wapo watu ambao miili yao huigeuza haraka mno. Katika Ethiopia watu hao ni wengi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mtoto wa namna hiyo akipewa kipimo cha kawaida huweza kuacha kupumua. Baada ya vifo kutokea, mwaka 2013 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa ilikataza kodeini kwa watoto waliotolewa tonsili. Mzazi anunuapo dawa asome karatasi yake, au amwombe muuza dawa amsomee.

Damu huweza kutoka siku ya kwanza, na tena kati ya siku ya tano na ya kumi, utando wa kidonda unapobanduka. Damu nyekundu mbichi, au mtoto anayemeza mate mara kwa mara usingizini, ni sababu ya kurudi hospitalini saa ile ile. Ndiyo maana kumpeleka mtoto mlimani kwa bibi yake “akapumzike” katika juma la kwanza si shauri jema. Bururi au Rutana ni mbali usiku wa manane. Bibi aalikwe mjini.

Ukoromaji hauishi siku hiyo hiyo, kwa kuwa uvimbe wa kidonda hubaki siku kadhaa. Baada ya majuma sita hadi manane mtoto arudishwe kwa daktari, na wazazi washike zamu yao ya alfajiri mara moja zaidi. Walio wengi wataonekana wamelala kinywa kimefumbwa. Wachache, hasa wanene, wenye hali ya Down au wenye taya dogo, bado watakoroma, nao watahitaji kupimwa upya. Kwa hao ipo mashine inayopuliza hewa kwa kinyago ili koo lisifunge, ambayo Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliitangaza mwaka 1981. Mtoto huivaa usiku kucha. Huchukua majuma kuizoea, na mara nyingi huikubali upesi zaidi akipewa kinyago hicho mchana akichezee kwanza.